Mwisho Alioukataa Sikati

Nilimfahamu Sikati kabla hajaitwa Sikati. Tulikuwa waajiriwa wapya kwenye stesheni ya televisheni, yeye akihariri picha za taarifa ya habari, mimi nikinasa sauti, na tangu siku hizo yeye huniita Fundi. Alikuwa msichana mrefu, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kumtazama mtu mpaka mtu mwenyewe aanze kujipapasa usoni akidhani ana uchafu.

Siku moja tulitumwa kurekodi kiongozi mmoja akizindua bomba la maji. Kiongozi akafungua bomba, maji yakatoka, akajaza glasi, akanywa, watu wakapiga makofi, magari yakaondoka na vumbi lake. Mpiga picha alikuwa ameshaanza kukunja miguu ya kamera Sikati alipomshika mkono. "Subiri kwanza," akamwambia. Mwanamke mmoja alikuwa amesogea na ndoo. Akafungua. Bomba likakoroma kama mgonjwa wa pumu, likatema kutu, likanyamaza. Yule mama akafunga, akafungua tena, kisha akatuangalia sisi kana kwamba ndio tuliokunywa. Maji ya uzinduzi yalikuwa yameletwa na lori, yakamiminwa kwenye tangi nyuma ya ukuta.

Tuliporudi, mkuu wa habari akamwamuru akate picha kuanzia pale kiongozi anaposhusha glasi.

"Sikati," akasema.

Yule bwana akadhani hakusikika vizuri. "Nimesema ukate."

"Na mimi nimesema sikati."

Habari ikaenda hewani na ndoo yake na mkoromo wake wote, ambao, nisijisifu, nilikuwa nimeunasa vizuri sana. Kesho yake sote wawili tulikuwa hatuna kazi. Wenzetu waliotusindikiza na maboksi yetu walikuwa wakitania kwenye ngazi, "Sikati kakatwa!" Jina likamganda. Hata mama yake mzazi akaanza kumwita hivyo anapokasirika.

Baada ya hapo aliongoza filamu mbili, na zote nilimnasia sauti. Ya kwanza bodi ya ukaguzi ilitaka atoe kipande kimoja tu, wala si kirefu. Akajibu lile jibu lake, na filamu haikuonyeshwa nyumbani hata mara moja. Ilizunguka nchi za mbali, kwenye kumbi za watu wasiojua lugha yetu, ikapewa tuzo ya kioo ambayo mama yake aliigeuza ya kuwekea vijiko. Ya pili tuliionyesha wenyewe, kwenye kuta za shule na makanisa, tukifunika madirisha kwa mablanketi. Watu waliipenda. Watayarishaji hawakuipenda, na zaidi ya filamu, hawakumpenda mwenyewe. "Kazi anaijua sana," walikuwa wakiniambia pembeni, "lakini yule dada ni mzigo wa mawe."

Filamu ya tatu ndiyo aliyokuwa akitembea nayo kifuani tangu utotoni.

Baba yao, Sikati na mdogo wake, alikuwa mchimbaji. Asubuhi moja aliingia shimoni, shimo likaporomoka, hakutoka. Kampuni ya mgodi ikasema siku ile hakuja kazini. Na kwa kuwa hakuja, hakuwemo. Na kwa kuwa hakuwemo, hakuna wa kufukuliwa. Mama yao alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Kila akitoka zamu, mikono imenyauka kwa sabuni, alikwenda kuketi chini mbele ya geti la mgodi. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Alikaa tu, zaidi ya mwaka. Sikati alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Mdogo wake alikuwa bado tumboni.

Huyo mdogo wake alikuja kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na wote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mpole, mcheshi, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Sikati alipomwambia acha chaki uje uigize kuwa mama, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alikuja. Hajawahi kumkatalia dada yake kitu.

Pesa na vifaa vilitoka kwa kampuni moja iliyokuwa ikitengeneza tamthilia za mapenzi. Mkataba wao ulisema wazi kwamba uamuzi wa mwisho juu ya filamu ni wa kampuni. Mara mbili huko nyuma Sikati alikuwa amechana mikataba ya namna hiyo mbele ya wenyewe. Safari hii alitia sahihi. Tulipotoka nje nikamuuliza, umepatwa na nini?

"Mama ana presha ya macho," akasema. "Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Nikingoja mkataba mzuri, Fundi, filamu nitamwonyesha nani?"

Produsa wa kampuni hiyo alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mazoea ya kufuta miwani kwa ncha ya tai. Alimpa neno lake kwa mdomo kwamba filamu haitaguswa. "Dada yangu," alimwambia, "mimi na wewe tunataka kitu kimoja."

Tulipiga picha kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa. Geti lilikuwa la chuma, na upepo ulikuwa ukigonga mnyororo wake. Fundi wa taa alitaka kuufunga kwa kamba, nikamkataza, maana mlio huo ulikuwa ndio muziki wetu. Siku ya tukio la mwisho, Mwalimu aliketi chini na kanga ya mama yake mabegani. Walinzi wanabadilishana zamu. Kivuli kinasogea ukutani. Hakuna linalotokea. Kisha mwanamke anasimama, anapangusa vumbi nyuma ya gauni, anaondoka. Ndio mwisho.

Kwenye masikio yangu nilikuwa nikisikia pumzi yake tu. Aliposimama, magoti yalilia, akatoa mguno mdogo wa mtu ambaye hata maumivu yamemchosha. Sikati hakusema neno la kusimamisha kamera. Mpiga picha aliendelea mpaka alipogeuka na kumkuta mwongozaji ameuficha uso kwenye kiwiko.

Tulipomwonyesha produsa, alitazama mpaka mwisho, akafuta miwani.

"Nzuri. Nzuri sana. Sasa mume anarudi lini?"

"Harudi."

"Dada yangu. Watu wanatoka kazini wamechoka. Wanataka wakalale na matumaini."

"Wanunue mito," Sikati akasema.

Produsa alicheka kuliko sisi sote. Nilidhani mambo yameisha vizuri. Wiki iliyofuata Sikati alikwenda chumba cha uhariri, akakuta kitasa kimebadilishwa. Mapokezi wakamwambia apumzike kidogo, kampuni inamalizia kazi ndogo ndogo. Akaenda kwa mwanasheria. Mwanasheria akasoma mkataba, akamrudishia, akamuuliza kama anataka chai.

Tulipokuja kuiona filamu ile tena ilikuwa imeshabandikwa mjini. Kwenye mabango Mwalimu alikuwa amevaa gauni jekundu, ameegemea kifua cha mwanamume mwenye meno mengi. Sikati alisimama mbele ya bango moja kituoni, akaligusa. "Gauni hili hatukuwa nalo," akasema taratibu. Hilo tu. Nilijua amejua. Gauni lile lilivaliwa, na aliyelivaa alilivaa kwa hiari yake mbele ya kamera ya mtu mwingine.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana. Nilimsihi asiende. Alikwenda, akamshika mama yake mkono, wakaketi viti vya mbele kabisa kwa ajili ya yale macho. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukumbi pamoja na produsa, na hakugeuka hata mara moja.

Waliyabakiza mengi yetu. Mashuka, sabuni, geti, yote yalikuwemo, ila juu yake walikuwa wamemwaga nyimbo. Tukafika kwenye tukio la mwisho. Mwalimu anaketi. Mnyororo wangu ukagonga mara chache, vinanda vikaufunika. Halafu picha ikabadilika, rangi zikawa kali, na kule mwisho wa barabara akatokea mwanamume. Mwalimu, sasa na gauni jekundu, akainuka na kukimbia. Wakakumbatiana. Kumbe mume alitokea upande wa pili wa mlima, akapoteza kumbukumbu, wasamaria wakamtunza, sijui nini na nini. Ukumbi mzima ulisimama ukipiga vigelegele.

Niliinama nimwangalie mama yao. Alikuwa amekaza shingo, kichwa amekielekeza kwenye kioo kama mtu anayesikiliza mlango ukibishwa, na machozi yalikuwa yakimchuruzika mpaka kidevuni. Sikati akamkamata bega.

"Mama, nisamehe. Sio mimi. Naapa sio mimi niliyefanya haya. Twende nyumbani."

"Nyamaza, nimwone," mama akasema. Kisha akavuta pumzi ndefu. "Afadhali. Afadhali huyu karudi."

Nimeshamwona Sikati akifukuzwa kazi, akizomewa, akitolewa nje na walinzi. Sijawahi kumwona akipigwa kama alivyopigwa na maneno yale.

Ugomvi wao ulitokea siku hiyo hiyo, sebuleni kwa mama, sote tukiwa bado na nguo za kutokea. Mwalimu aliingia mwenyewe. Hakujificha, hilo nampa.

"Walikulipa nini?" Sikati alimuuliza.

"Dada, usianze na pesa. Unajua haikuwa pesa."

"Basi niambie ilikuwa nini. Umemfufua baba yako, ukamvika suti, ukamchezea muziki. Waliomzika mzima wanakaa ukumbini wanapiga makofi, wanasema aah, kumbe alikuwa salama!"

"Wewe ulimwona," Mwalimu akasema. Sauti yake ya darasani ilikuwa imekwisha. "Ulibebwa mabegani. Unakumbuka kicheko chake, unakumbuka anavyonuka akitoka kazini, umenisimulia mara ngapi. Mimi nina nini? Nina geti tu. Nimezaliwa nikakuta geti. Miezi yote ile umenikalisha pale chini, kaa, usilie, usitazame kamera, rudia. Hukuniuliza hata siku moja kama ninaweza. Wao waliniambia, huyo anakuja, ni baba wa watoto wako, mkumbatie. Dada, mimi nilimkumbatia baba. Nani wa kwanza kunipa nafasi hiyo? Sio wewe."

"Ni uongo."

"Najua ni uongo! Unafikiri sijui?"

Mama aliwaambia wanyamaze, majirani wanasikia. Sikati akachukua mkoba wake akatoka, na kwa muda mrefu sana dada hawa wawili hawakukaa chumba kimoja.

Alitaka jina lake liondolewe kwenye filamu. Kampuni ikaliondoa mara moja, kwa furaha, ikaweka la mwingine. Akaomba apewe basi picha zake za awali, akae nazo tu, asizionyeshe popote. Produsa alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti. Akamweleza kwamba diski zile zilihitajika kwa kazi nyingine, zikasafishwa. "Ndiyo kawaida ya ofisi," akasema, akatafuta ncha ya tai. Nilikuwepo. Sikati hakutukana. Aliuliza tu, kwa adabu kabisa, "Zote?" Produsa akajibu, "Zote, dada yangu." Tulipofika kwenye ngazi akakaa, na wafanyakazi wakawa wanampitia pembeni na vikombe vyao.

Hapo ndipo alipoanza kupotea. Filamu ilijaza kumbi mwezi baada ya mwezi. Yeye akawa anakwenda kusimama kwenye foleni ya tiketi, si kununua. Anapita mtu mmoja mmoja. "Mume harudi," anawaambia. "Msikubali. Aliingia shimoni na hakutoka, na hakuna aliyekwenda kumtafuta." Watu walimdhania mlevi. Kijana mmoja akamwambia, "Mama, jamani, usitusimulie mwisho!" na foleni nzima ikaangua kicheko. Nilimkuta mlinzi ameshamvuta mpaka kwenye mtaro, kiatu kimoja hakipo. Nikamtafutia kiatu. Njia nzima alikuwa akiniuliza swali moja: "Fundi, mimi ndiye mwendawazimu?" Nilimshika mkono tukaendelea kutembea, nyuma yetu watu wakitoka ukumbini wakitabasamu.

Kazi hakuna aliyempa. Nilimtafutia harusi moja ya kupiga picha. Mjomba wa bibi harusi karibu anipige mimi, maana meza kuu yote haikuonekana. Sikati alikuwa ameielekeza kamera kwa mama wa bibi harusi akila peke yake nyuma ya nguzo, akamng'ang'ania mpaka keki ikaisha. Picha zilikuwa nzuri ajabu. Hawakuzitaka.

Mwishowe tundu la ufunguo likaziba. Mama akawa haoni kabisa. Sikati akahamia kwake, akawa anamwogesha, anampikia, anamsomea majina ya wanaopiga simu. Siku alizokuja Mwalimu, Sikati alikwenda sokoni akachelewa kurudi. Mwalimu alikuwa mtu maarufu sasa, watoto wakimfuata barabarani, na alikuwa akija amejifunga mtandio mpaka kwenye pua.

Ndipo Sikati akanipigia. "Sauti zetu bado unazo?"

Nilikuwa nazo. Mimi hutunza nakala ya kila ninachonasa, ni ugonjwa wangu. Picha zilikufa, lakini pumzi, mnyororo, geti, vyote vilikuwa kwenye kabati langu.

Nilikwenda na mashine yangu na spika mbili asubuhi ya siku ya kawaida. Mama alikuwa kitandani amekaa, mto mgongoni, amevaa kofia ya sufu. Sikati alikuwa amebadilika. Alipanga spika, akazihamisha, akafunga dirisha, akanikemea kwa waya niliouacha mlangoni. Nilifurahi kukemewa.

"Mama," akasema, akipiga magoti kando ya kitanda, "ile uliyoiona sio yangu. Yangu ndiyo hii. Huhitaji macho. Sikiliza tu."

Nikaanzia pale geti linapofungwa. Chumba kikajaa upepo wa kiwanda kile. Mnyororo ukagonga. Mlinzi akakohoa, mwenzake akamsalimia. Kisha ile pumzi ya Mwalimu, karibu sana, kama amelala kitanda hicho hicho. Uso wa mama haukusogea. Vidole vyake vilikuwa vikikunja shuka, vikilikunjua.

"Zima, baba," akaniambia.

Nikamwangalia Sikati. Akatikisa kichwa: usizime. "Mama, bado kidogo. Mwisho ndio huu unakuja."

"Zima. Hii naijua." Hakuwa amekasirika. Alikuwa akiongea kama mtu anayerudisha sahani kwa sababu ameshashiba. "Umeitengeneza vizuri, mwanangu. Ni yenyewe. Hata ule mnyororo ulikuwa hivyo hivyo. Lakini hii mimi nimeikaa. Sasa macho yameondoka, nimebaki nayo mchana na usiku, hainitoki. Unaniletea ya nini tena? Niwekee ile nyingine."

Nilizima. Sikati alibaki amepiga magoti. Nilidhani atainuka atoke, kama kawaida yake. Nilidhani pia, Mungu anisamehe, kwamba hatafika jioni. Nilitafuta kwa macho visu viko wapi. Alikuwa na rangi ya jivu.

Baadaye akasema, "Fundi, ipo kwenye simu yako?"

Ilikuwepo. Nani hakuwa nayo? Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya maji juu ya kiti, nikaisogeza mpaka mwishoni. Vinanda vikaanza. Sikati alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Sioni," mama akasema. "Niambie."

Sikati akachokonoa chokaa ya ukuta kwa ukucha.

"Niambie, basi."

Akageuka. Alisogea kwenye kile kioo kidogo cha simu. "Mama amekaa," akaanza. "Barabara ni tupu. Sasa kuna mtu. Yuko mbali."

"Kavaa nini?"

"Suti nyeupe."

Mama akaangua kicheko mpaka kofia ikamwangukia jichoni. "Baba yenu na suti nyeupe! Angekwenda nayo wapi, shimoni?"

"Na viatu vyeupe," Sikati akasema.

"Haya jamani. Endelea, endelea."

"Anakata kona. Mwalimu amemwona. Anasimama. Anakimbia." Akasita. "Amemfikia. Amemshika koti kwa nyuma, kwa ngumi zote mbili."

"Analia?"

Sikati alikuwa ameinama mpaka pua yake karibu iguse simu. Katika miezi yote ile, kwenye ukumbi, kwenye foleni, alikuwa hajawahi kuutazama uso wa mdogo wake pale. Alikuwa akitazama suti, gauni, rangi, ujinga wa watu wengine.

"Hapa haigizi, mama," akasema. "Hapa analia kweli." Kisha kwangu, kwa haraka, "Rudisha. Rudisha kidogo, Fundi, pale anapokimbia."

Nilirudisha. Akamsimulia mama tena, safari hii polepole, mikono inakuwaje, mdomo unakuwaje, anavyolikandamiza paji la uso kwenye kifua cha yule mtu wa kukodi. Tukarudisha tena na tena mpaka mama akasinzia. Sikati akazima simu, akakaa sakafuni, akalia bila sauti, kinywa wazi. Nilikunja nyaya zangu. Hakukuwa na lingine la kufanya.

Mama bado yupo, ila haamki sana. Sikati hajaongoza filamu nyingine, na wanaotoa vifaa wakisikia jina lake wanabadilisha mazungumzo. Mwalimu anaigiza sehemu ya pili, ambamo nasikia mume anapotea tena. Yeye na dada yake wanakaa chumba kimoja siku hizi. Nimewakuta wakizungumza: dawa za mama, nani atafua, nani atalala pale leo. Filamu haitajwi.